Elimu ya uraia na maelewano ya wanafunzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo walimu, wazazi na wakuu wa shule huuliza kila elimu ya uraia inapotajwa kuwa njia ya kuwafanya wanafunzi wapatane. Majibu hayalingani urefu: mengine yanatosheka kwa mistari michache, mengine yana mengi ndani yake.

Somo la uraia si la katiba, bunge na bendera? Ugomvi wa wanafunzi unaingiaje humo?

Katiba na bunge vimo, lakini vimo kwa sababu ya swali lililovitangulia: watu wasio ndugu, ambao hawakuchaguana, wataishije pamoja bila mwenye nguvu kumkalia mnyonge? Darasa ni mahali pa kwanza ambapo mtoto hukutana na swali hilo ana kwa ana. Nyumbani kuna undugu, na undugu husamehe mengi. Darasani amepangiwa dawati moja na mtu asiyemjua, na wote wanagombea mwalimu mmoja na kipindi kile kile. Kuna kanuni zilizobandikwa ukutani, na kuna nyingine zenye nguvu zaidi ambazo hakuna aliyeziandika: nani anakaa wapi, nani haguswi, nani anachekwa akisoma kwa sauti. Somo la uraia lisilogusa kanuni hizo za pili linamfundisha mtoto habari za mbali huku likiacha siasa anayoiishi kila siku.

Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey aliandika mwaka 1916 kwamba demokrasia ni zaidi ya aina ya serikali. Kwanza ni namna ya kuishi pamoja. Kolombia ilikwenda mbali zaidi ya kauli. Mwaka 2004 wizara yake ya elimu ilitoa viwango vya stadi za uraia vilivyogawanywa katika makundi matatu: kuishi pamoja kwa amani, kushiriki na kuwajibika kidemokrasia, na kuthamini tofauti za watu. Nchi ilikuwa bado katika vita na waasi wake, na waliotunga viwango hivyo waliweka humo mambo kama kutambua hasira yako kabla haijakutawala na kumsikiliza unayepingana naye. Mwaka 2013 ikafuata sheria namba 1620, ambayo pamoja na mengine inadai kila shule iwe na kamati ya maelewano. Kwa Wakolombia, basi, ugomvi wa uani na hatima ya nchi viliwekwa katika jalada moja.

Kwa hiyo tukifundisha haki na wajibu vizuri, ugomvi utapungua?

Kwa kufundisha tu, hapana. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote kwenye mtihani wa haki za binadamu na jioni akamwigiza mwenzake mwenye kigugumizi mpaka darasa zima likacheka. Hana tatizo la kumbukumbu. Alichojifunza na anachokifanya havijawahi kukutanishwa.

Hata hivyo nisiyadharau maarifa. Mtoto anayejua kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, ana pa kuanzia anaposema “mimi sijaulizwa”. Bila maneno hayo hubaki na kununa au ngumi.

Kuna ushahidi wowote, au ni matumaini ya walimu wema?

Upo, ila unataka kusomwa kwa utulivu.

Ukubwa wa tatizo kwanza. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake walau mara moja katika mwezi uliotangulia.

Kuhusu dawa, mwaka 2011 Joseph Durlak na wenzake walichapisha uchambuzi uliojumlisha programu 213 za shule za kufundisha stadi za kijamii na za hisia, zikihusisha wanafunzi 270,034. Waliopitia programu hizo walielewana vizuri zaidi na wenzao na fujo zilipungua. Ufaulu wao nao ulipanda: wanafunzi 100 wakipangwa kwa alama, mwanafunzi wa wastani alisogea juu nafasi 11 akilinganishwa na wasiopitia. Stadi hizo si elimu ya uraia kamili. Ni jamaa yake wa karibu, ila huzungumzia zaidi moyo wa mtu mmoja mmoja na kusema machache kuhusu mamlaka na haki. Upande wa uraia wenyewe kuna tafiti za IEA, chama cha kimataifa cha kutathmini mafanikio ya elimu, zinazopima wanafunzi wa darasa la nane katika nchi nyingi. Zimefanyika mwaka 1999, 2009, 2016 na 2022. Jambo moja hujirudia humo: penye darasa ambalo wanafunzi wanaona wako huru kutoa maoni na kupingana na mwalimu kwa hoja, maarifa ya uraia huwa juu.

Mafanikio yanayoripotiwa kwa kawaida ni ya kadiri. Anayekuahidi kwamba uonevu utakwisha muhula huu anauza kitu.

“Baraza la darasa” hasa linafanyikaje?

Ni kikao cha darasa zima ambamo wanafunzi hujadili na kuamua mambo yao wenyewe. Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa urefu, kwa sababu watu wengi hudhani wanalijua.

Mwalimu Mfaransa Célestin Freinet alikuwa na gazeti la ukutani darasani mwake. Wanafunzi waliandika humo wiki nzima chini ya vichwa vinne: ninakosoa, ninapongeza, ningependa, nimefanya. Mwisho wa wiki darasa lilikaa na kulisoma. Mabaraza mengi ya leo ni wajukuu wa gazeti hilo, na wazo lake kuu bado ni zuri: lalamiko huandikwa siku linapotokea, husomwa siku nyingine. Katikati ya siku hizo mbili nusu ya ugomvi hujifia. Sanduku la vikaratasi linatosha, mradi kila kikaratasi kiwe na jina la mwandishi. Malalamiko yasiyo na jina huligeuza baraza kuwa uwanja wa umbea.

Kaeni duara, au angalau kila mtu aone uso wa mwenzake. Mwenyekiti ni mwanafunzi, katibu ni mwanafunzi, na nafasi hizo hubadilishwa. Mwalimu anakaa ndani ya duara, ananyoosha mkono kama wengine, na anasubiri kuruhusiwa. Kwa wengi wetu hapo ndipo penye kazi. Kunyamaza kwa dakika 5 huku watoto wakikosea ni kugumu kuliko kufundisha kipindi kizima.

Tuseme ajenda ni mpira. Mwenyekiti mwenye miaka 11 anasoma kikaratasi: “Kila mapumziko wakina fulani wanachukua mpira peke yao.” Mkono wa kwanza ni wa mmoja wa hao wanaotajwa. “Sisi tunawahi.” Msichana wa upande wa ukutani anajibu: “Mnawahi kwa sababu mnakaa mlangoni.” Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Jambo lililokuwa kosa la watu limegeuka kuwa suala la mpangilio, na mpangilio hubadilishwa bila mtu kuaibika. Yanatoka mapendekezo: zamu, kubadilishana viti, mtunza mpira. Mwingine anasema mpira ufungiwe kabatini basi, wote wakose. Mwenyekiti anauliza kama pendekezo hilo linamsaidia yeyote. Wanapiga kura kwa mikono, zamu inashinda, na katibu anaandika: “Tutajaribu wiki mbili, kisha tutaangalia tena.”

Kile cha mwisho, kuangalia tena, ndicho husahaulika kuliko vyote. Uamuzi usiorudiwa huwafundisha watoto kwamba mikutano ni maigizo. Kwa hiyo baraza lianze kwa kusoma maamuzi yaliyopita: hili limefanyika, hili limeshindikana, kwa nini? Nisisitize pia mapongezi. “Ninampongeza fulani kwa kunisubiri nilipochelewa” ni sentensi ndogo, lakini mtoto ambaye jina lake halijawahi kusikika isipokuwa kwenye makosa huikumbuka mwezi mzima.

Na wanafunzi wakifikia uamuzi mbaya?

Watafikia, hasa mwanzoni. Watoto waliozoea kuadhibiwa hutunga adhabu kali kuliko za watu wazima.

Njia nzuri ni kueleza mipaka kabla ya kuanza. Baraza haliamui juu ya usalama, haliamui juu ya sheria za nchi, halitoi adhabu ya kumdhalilisha mtu, na halijadili familia ya mtu. Nje ya hapo, uamuzi wao ni uamuzi. Mwalimu anayefuta kura kwa sababu tu hakuipenda amefundisha somo la uraia kweli, ila si lile alilokusudia.

Daktari na mlezi wa Kipolandi Janusz Korczak, aliyeongoza nyumba ya watoto yatima mjini Warszawa tangu 1912, aliwapa watoto mahakama yao. Watoto ndio waliokuwa mahakimu, na yeyote, hata mlezi, aliweza kushtakiwa. Korczak alijishtaki mwenyewe mara kadhaa. Kinachovutia zaidi ni kitabu cha sheria. Vifungu vyake 99 vya kwanza vilikuwa vya kuachilia, kusamehe au kuona kwamba kesi haina msingi. Ukali ulianzia kifungu cha 100 na kuendelea, na kile cha 1000 kilikuwa cha kufukuzwa. Mtoto aliyekaa hakimu alilazimika kupita kwanza kwenye milango yote ya msamaha. Kama unaogopa ukali wa watoto, uvumbuzi wa namna hiyo una faida kuliko kuwanyang'anya kura.

Viranja waongoze baraza?

Afadhali wasiongoze, kama kiranja wa shule yenu ni yule anayeandika majina ya wapiga kelele na kuyapeleka kwa mwalimu. Huyo ni jicho la mwalimu, na darasa linajua hivyo. Mwenyekiti wa baraza anatokana na wenzake na hana mamlaka yoyote kengele ikilia.

Kesi za uonevu nazo zipelekwe kwenye baraza?

Hapana, na hapa ningeomba msomaji asikimbie.

Ugomvi na uonevu hufanana kwa nje tu. Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza jambo hili nchini Norway na Sweden miaka ya 1970, aliweka alama tatu za uonevu: anayefanya amekusudia kuumiza, jambo linajirudia, na aliyeumizwa hana nguvu za kujitetea mbele ya anayemwumiza. Wawili waliotukanana kwa sababu ya kalamu wamegombana, wasuluhishe. Mmoja anayefichiwa begi kila juma na kundi la wanne hagombani na mtu. Ukimweka meza moja na hao wanne na kumwambia “kila upande utoe kidogo”, unamtaka atoe nini? Na ukimsimamisha katikati ya duara la watoto 40 aeleze anavyodhalilishwa, umeongeza kudhalilishwa kwake. Kesi hizi ni za watu wazima: anayeonewa aonwe peke yake, wanaomwonea waonwe mmoja mmoja, wazazi wajulishwe, na mtu mmoja wa shule abebe jukumu la kufuatilia hadi mwisho.

Elimu ya uraia inafanya kazi kwa wale waliobaki, na hao ndio wengi. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walionyesha kwamba uonevu una wahusika wengi kuliko wawili. Kuna wanaomsaidia mwonevu, kuna wanaocheka na kumpa hadhira, kuna wanaojitenga, na kuna wanaomtetea mwonewa. Programu ya KiVa ya Chuo Kikuu cha Turku imejengwa juu ya matokeo hayo: masomo yake yanalenga darasa zima, ili mwonevu akose wa kumshangilia. Ilipojaribiwa Finland uonevu ulipungua, zaidi kwa wanafunzi wa shule za msingi kuliko kwa vijana wa sekondari.

Darasani zungumzia watazamaji bila kumtaja mtu. Uliza: mtu anapochekwa, ukinyamaza, kila mmoja pale anausomaje ukimya wako? Kisha fanyeni mazoezi ya mambo madogo yanayowezekana. Mtoto wa miaka 12 hatasimama mbele ya wababe wa shule akatoa hotuba. Anaweza kutocheka. Anaweza kumwita mwonewa, “njoo, tunakutafuta huku.” Anaweza kukaa naye baadaye, na anaweza kumwambia mtu mzima. Waigizie, wajaribu, wazoee jinsi maneno yanavyotoka mdomoni.

Tuna wanafunzi wa makabila, dini na hali tofauti. Tukiwachanganya tu hawatazoeana?

Wanaweza kuzoeana. Wanaweza pia kuchukiana kwa ukaribu zaidi.

Mwaka 1954, kambini Robbers Cave katika jimbo la Oklahoma, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana 22 wasiojuana katika makundi mawili na kuyashindanisha. Walikuwa wamefanana karibu kwa kila kitu, lakini baada ya siku chache za mashindano wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Sherif akajaribu kuwakutanisha kwa chakula na sinema, wakapata tu nafasi mpya ya kuzomeana. Uhasama ulipungua walipokabiliwa na shida ambazo kundi moja lisingeweza kuzitatua peke yake, kama vile mfumo wa maji wa kambi kuharibika. Nyumba za shule zinazoshindanishwa mwaka mzima kwa usafi, michezo na alama zina funzo hapo, ingawa najua hakuna mkuu wa shule atakayependa kulisikia.

Mwaka huo huo mwanasaikolojia Gordon Allport alitaja masharti manne ya watu wa makundi tofauti kukutana kwa faida: wawe na hadhi sawa katika shughuli hiyo, wawe na lengo la pamoja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka waunge mkono waziwazi. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichambua tafiti 515 wakaona kwamba kwa jumla kukutana hupunguza chuki, na hupunguza zaidi masharti hayo yakiwepo.

Darasani, njia moja inayojulikana sana kwa lengo hili ni ya mwanasaikolojia Elliot Aronson. Aliianzisha mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoacha kutenganisha watoto kwa rangi na fujo zikazuka. Somo linakatwa vipande. Kila mwanakikundi anapewa kipande kimoja tu, anakutana na wenye kipande kama chake kutoka vikundi vingine ili wakielewe vizuri, kisha anarudi kuwafundisha wenzake. Mtihani unatoka kwenye vipande vyote. Yule mtoto mpole anayesitasita kuongea ndiye pekee mwenye sehemu ya tatu; ukimcheka, utaikosa. Hakuna aliyehubiri upendo, lakini baada ya wiki chache watoto wanamsubiri amalize sentensi yake na kumwuliza maswali ya kumsaidia.

Tukiacha adhabu, nidhamu si itaanguka?

Hakuna aliyesema kosa lisiwe na matokeo. Linalohojiwa ni aina ya matokeo. Mwaka 2008 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia sera za kutovumilia kosa lolote, zile za kosa moja na kufukuzwa, halikuona ushahidi kwamba zimefanya shule kuwa salama zaidi. Mkataba wa Haki za Mtoto nao, katika kifungu cha 28, unadai nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto.

Badala ya “umevunja kanuni gani na adhabu yake ni nini”, jaribu: nini kimetokea? Nani ameumia, na vipi? Unafanya nini kukirekebisha? Aliyevunja kiti cha mwenzake kwa hasira anakitengeneza, au anakaa bila kiti huku mwenzake akitumia chake mpaka kingine kipatikane. Adhabu ya kufyeka nyasi haina uhusiano wowote na kiti wala na mwenzake. Lakini neno “samahani” la kulazimishwa mbele ya mwalimu nalo ni bure. Watoto wote wanalijua, na aliyeumizwa analijua zaidi.

Je, hii si njia tu ya kuwafanya watoto wawe watulivu na watiifu?

Inaweza kuwa hivyo, na shule nyingine ndicho zinachokitaka. Maelewano si ukimya. Darasa ambalo hakuna anayelalamika huenda lina amani, huenda lina woga, na kwa mbali huwezi kutofautisha. Ukiona elimu ya uraia inazungumzia wajibu wa wanafunzi kwa kurasa 10 na haki zao kwa aya moja, hiyo ni orodha ya kanuni iliyovishwa jina jipya. Dalili nyingine: wanafunzi wanaruhusiwa kujadili rangi ya mapazia, hawaruhusiwi kujadili mwalimu anayewaita majina ya kudhalilisha.

Tujadili siasa na mambo yanayogawa watu, au tuyakwepe ili wasigombane?

Mkiyakwepa watayajadili njiani, bila msaada. Walimu wa Ujerumani wana makubaliano ya mwaka 1976 yaliyofikiwa katika mji wa Beutelsbach, na ni mafupi kiasi cha kukaa kichwani. La kwanza, ni marufuku kumshinikiza mwanafunzi akubali maoni unayoyataka. La pili, jambo linalobishaniwa na wataalamu na wanasiasa lifundishwe kama jambo linalobishaniwa. La tatu, mwanafunzi asaidiwe kuichambua hali ya kisiasa na nafasi yake mwenyewe ndani yake.

Zoezi moja linalosaidia sana: kabla ya kumpinga mwenzako, rudia hoja yake mpaka yeye mwenyewe aseme “ndiyo, hivyo ndivyo nilivyomaanisha”. Mara ya kwanza huchukua muda mrefu kwa namna inayochekesha, maana watu hugundua kwamba walikuwa wakijibu kitu ambacho hakuna aliyekisema. Lakini usilete mezani kama mada ya mjadala utu wa mtu aliyemo darasani. Kodi ipande au ishuke, jadilini. Kama watoto wa kundi fulani wanastahili kuwepo shuleni, hilo halina pande mbili.

Ugomvi unaoanzia kwenye magrupu ya simu unatuhusu?

Unawahusu, kwa kuwa asubuhi unaingia darasani na wenyewe. Hamwezi kulinda simu zao usiku, lakini darasa linaweza kutunga makubaliano yake: hakuna kusambaza picha ya mtu bila ruhusa yake, hakuna kupiga picha mazungumzo ya faragha na kuyatuma kwingine, na grupu la darasa halitumiki kumjadili asiyekuwemo. Makubaliano waliyoyatunga wenyewe huyataja wanapogombana. Yale ya shule hata hawakumbuki yalibandikwa wapi.

Watoto wadogo wataweza?

Wataweza kwa vipimo vyao. Wa miaka 6 wanaweza kukaa duara dakika 15, kueleza jambo moja lililowaudhi na kuchagua kati ya suluhisho mawili. Tatizo liko zaidi kwa vijana wa miaka 14, ambao wakinusa maigizo huyakimbia. Hao wape madaraka ya kweli, hata madogo: sehemu ya bajeti ya klabu, ratiba ya viwanja, kiti kwenye kikao cha walimu.

Mtaala umejaa na mitihani iko mlangoni. Muda utatoka wapi?

Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha baraza. Mengine hayahitaji kipindi: vikundi vya vipande hufundishia sayansi na historia vilevile, na kurudia hoja ya mwenzako ni zoezi la lugha. Mwalimu anayesema hana dakika 40 kwa wiki ahesabu kwanza dakika anazopoteza kila siku kutuliza darasa lililotoka mapumziko likiwa limegombana.

Tutajuaje kama kuna kinachobadilika?

Usitegemee idadi ya kesi zinazoripotiwa. Mkifanya kazi vizuri, miezi ya kwanza ripoti zitaongezeka, kwa sababu wanafunzi wameanza kuamini kwamba kusema kuna faida. Mkuu wa shule asiyelijua hili husimamisha mpango mapema, akidhani umeharibu.

Fanya dodoso bila majina mwanzoni mwa mwaka, na lile lile tena mwishoni, lenye maswali ya wazi: mwezi huu umeonewa mara ngapi, umeona mwenzako akionewa ukafanya nini, kuna mtu mzima hapa ungemwambia? Wape pia ramani ya shule watie alama ya msalaba mahali wasipojisikia salama. Walimu hutaja uwanja. Watoto mara nyingi hutia misalaba vyooni, kwenye ngazi na kwenye kona ambayo mwalimu wa zamu hafiki. Kuna matatizo ya maelewano ambayo hutatuliwa kwa kubadilisha njia ya mwalimu wa zamu, kabla hata ya somo lolote.

Shule yangu haina habari na haya. Mwalimu mmoja peke yake anaweza kuanzia wapi?

Anza na sanduku la vikaratasi na kipindi kimoja kwa wiki katika darasa lako. Usitangaze mradi. Kanuni za darasa zilizopo ziondoe, kisha waulize wanafunzi ni mambo gani matatu yanayowafanya washindwe kusoma au kujisikia vibaya humo ndani. Kanuni mpya zitokane na majibu hayo, zisizidi tano, na angalau moja ikuhusu wewe. Darasa moja huenda likaandika kwamba mwalimu asisome alama za mtihani kwa sauti mbele ya wote. Ibandike na uifuate, kisha alama zikitoka mwite kila mmoja mezani kwako.